Ubao wa Bibi Chini ya Kioo

Usiku ule nililala na neno moja limenikwama kooni, neno dogo tu: "Upo." Nilimwambia hivyo Mwanaidi, binti wa jirani, jioni ya siku ileile, tena bila kupepesa macho. Ngoja nianzie nyuma kidogo, maana nikiirukia ndoto moja kwa moja mtasema Zuhura kachanganyikiwa.

Kazi yangu ni kutafsiri mikataba. Kampuni yetu ilikuwa na ofisi Dar es Salaam, ghorofani, hadi wakubwa walipoamua kila mtu afanyie kazi kwake. Mimi nikarudi Tanga, kwenye nyumba aliyoniachia bibi yangu mzaa mama, Bi Rukia, Mungu amrehemu. Nyumba ya vyumba vikubwa, ua mpana, na kimya ambacho Dar hukipati hata ukikitafuta kwa tochi.

Shida ilikuja kwenye mikutano. Siku hizi tunakutana kwenye kompyuta, kila mtu na kijidirisha chake, na utake usitake unaona nyumba za watu. Mwenzangu Eliza alikuwa anakaa mbele ya kabati la kizamani la miguu myembamba, kando ana santuri, na taa yenye kofia ya kijani. Bosi kila akifungua mkutano anaanza na yeye: "Eliza, hapo kwako patamu, jamani!" Nyuma yangu mimi palionekana ndoo na pazia la jikoni. Nikasema, kwani mimi si mtu?

Basi nikaanza kusaka picha kwenye simu. Nilizama humo kama mtu aliyerogwa. Ofisi za nyumbani za kila namna, meza za mninga, viti vya kusukwa, redio za mbao zenye vifundo vikubwa, saa za ukutani za kutiwa ufunguo. Nazihifadhi, nazilinganisha, nalala nazo. Kiti ndicho nilichokipata kwanza, cha mbao, cha kuzunguka, kilichotoka kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge zamani hizo. Kikizunguka kinalia kama paka, lakini nilikipenda hivyohivyo. Redio nikaiteremsha kutoka juu ya kabati la bibi. Ni mbovu, haisemi neno, ila sura inayo. Kabati lenyewe nikalipangusa vumbi nikalijaza kamusi zangu. Taa na saa ya ukutani nikavinunua mnadani. Ikabaki meza. Zote nilizoonyeshwa madukani zilikuwa mpya, zimekwaruzwa na kupakwa rangi zionekane za zamani, na mimi nilitaka uzee wa kweli.

Niliukuta stoo, nyuma ya mapipa, umeegemezwa ukutani na kufunikwa mkeka. Ubao mrefu wa mvule, mzito, mweusi kwa kushikwashikwa, una miguu minne mifupi. Mbao zake zimeachiana nafasi, kidole kinapita. Nilipiga yowe la furaha peke yangu mle ndani. Katika picha zangu zote hapakuwa na kitu kizuri kama kile.

Fundi Joseph, ambaye ni mtu wa Iringa na Tanga bado mgeni, aliupitishia kiganja akasema, "Dada, hizi mbao zimeachanishwa makusudi. Huu ulikuwa wa kazi gani?"

"Benchi la wageni," nikamjibu, kwa uhakika wote wa mtu asiyejua. "Wewe kata hapa mwishoni uingie chini ya dirisha, miguu irefushe, halafu juu tunaweka kioo."

Akakata. Kipande kilichobaki nikamwambia akifunge ukutani kwa skrubu kiwe rafu ya redio. Mkutano uliofuata bosi akashangaa, "Eh! Zuhura, meza hiyo umeitoa wapi?" Eliza akasogeza uso achungulie. Nilijisikia malkia, msinifiche, na nyie mngejisikia hivyo.

Sasa jioni hiyo ninayoisema, Mwanaidi akapiga hodi. Mama yake ni Bi Hidaya, jirani yetu wa mlango kwa mlango, shoga wa bibi tangu usichana wao, na kwa muda mrefu sasa yuko kitandani, mgonjwa wa kugeuzwa. Mwanaidi alikataa kuingia. Alisimama mlangoni mwa ofisi yangu, mtandio umemteleza na hana habari nao.

"Dada Zuhura, samahani. Mama kanituma. Anauliza, ubao wa bibi bado upo?"

"Ubao gani?"

"Ule wa kuoshea." Akashika fremu ya mlango. "Anasema kile kitanda cha bati cha msikitini hakitaki, kina baridi. Anataka palepale alipooshwa mama yake. Bibi alimuahidi. Bibi ndiyo hivyo katangulia, lakini angalau ubao. Anasema akijua upo, roho yake itatulia."

Bibi yangu alikuwa mwosha maiti. Hilo nililijua, na nani mtaani asiyelijua? Mwanamke akifariki, Bi Rukia ndiye wa kwanza kuitwa. Lakini mimi nimekulia Dodoma, Tanga nilikuwa naletwa likizo, na siku za msiba watoto tulikuwa tunapelekwa nyumba ya mbali tusione kinachotoka wala kinachorudi. Chombo chake kilikuwa kinabebwa kimefunikwa mkeka na kurudishwa kimefunikwa mkeka. Sikuwahi kuuliza. Na sasa kiwiko changu kilikuwa juu yake, na makaratasi yangu, na kikombe cha chai, na sahani ya karanga.

"Upo," nikasema.

Mwanaidi akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mungu akubariki, dada yangu," akasema, akaenda kumpa mama yake habari njema. Mimi nikaondoa karanga. Ndilo pekee nililoliweza, kuondoa karanga.

Nikalala. Nadhani nililala, kwa sababu kwanza nilijiona niko kwenye mkutano, na ni mchana, jua limejaa dirishani. Bosi anazungumza. Eliza yupo na santuri yake. Vijidirisha vimejipanga kama kawaida, na katika kile cha chini kabisa, pembeni, yupo bibi.

Amejifunga kanga ya kisutu na mikono ya gauni ameikunja hadi juu ya viwiko. Amekaa wima, anangoja zamu yake kama watu wengine. Najua kwamba ameshakufa. Hofu sina bado. Nina aibu tu, kwamba hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuwasha sauti. "Bibi," namwambia, "bonyeza hapo chini." Anabonyeza, anasogeza uso, uso unajaza kijidirisha chote.

"Maji yatapita wapi?" anauliza.

"Swali zuri," bosi anasema. "Zuhura atatujibu."

Nafungua mdomo. Jibu ninalo kabisa, naliona lilivyo, lakini halitoki. "Zuhura, hatukusikii," anasema Eliza kwa upole. Na wengine wanadakia, mmoja baada ya mwingine, hatukusikii, Zuhura, hatukusikii, na mimi nabonyeza kila kitu kilichopo mezani, nabonyeza hata kioo.

Kisha kijidirisha cha bibi kikawa kitupu, na nyuma yangu kile kiti kikalia kama paka. Ameketi. Mimi nimesimama, sijui tangu lini. Anajizungusha kidogo, upande huu, upande ule, anakisikiliza kikilia na anakifurahia. Anatazama taa. Anatazama saa ya ukutani. Anatazama kila nilichokitafuta kwa jasho.

"Chumba kimependeza," anasema.

Laiti angenigombeza. Bibi alikuwa hodari wa kugombeza, mdomo wake ulijulikana mtaa mzima, na ningemshukuru. Lakini alisema hivyo tu, akanyoosha mkono akazungusha kifundo cha redio, na ile redio mbovu ikafunguka. Inasoma tanzia, kwa sauti ya mtangazaji wa zamani, taratibu, jina baada ya jina. Ni wanawake wa mtaa wetu. Wengine nawakumbuka kwa vitumbua vyao, mmoja kwa mguu wake mbovu, wengi siwajui. Na kila jina likitajwa bibi anaitikia kwa kichwa: "Huyu nilimwosha. Huyu nilimwosha. Huyu naye nilimwosha." Hadi mtangazaji akasema, "Hidaya binti Salim," akanyamaza. Redio inakwaruza tu. Bibi ananitazama, na sasa ndipo hofu ilipoingia.

Akainuka, akafungua kabati. Kamusi zangu hazimo. Kuna vitambaa vyeupe vilivyokunjwa vizuri, pamba, majani ya mkunazi, na ile harufu ya karafuu maiti iliyokuwa haimtoki bibi mikononi hata akikanda unga. Anavitoa kimoja kimoja bila kutafuta, maana ni kabati lake. Anaponipa vitambaa nivishike, ukuta wenye rafu haupo tena. Tuko uani.

Ua umejaa wanawake, wamekaa juu ya mikeka kama watu waliokuja mapema kwenye shughuli. Ndio waliosomwa redioni. Hakuna anayetisha. Mmoja ananiuliza, "Mama yako hajambo?" Namjibu hajambo, bibi, anawasalimu. Katikati ya ua uko ule ubao, na miguu yake mirefu ya Fundi Joseph, na kioo juu, na kompyuta yangu bado inawaka, watu wa ofisini wanachungulia kutoka kwenye vijidirisha vyao.

Mmoja anakwenda, anajilaza kujaribu. Kichwa kinapata mahali, mgongo unapata mahali, miguu inaning'inia hewani. Anakaa hivyo kidogo, anainuka, anajifunga kanga yake upya. "Haidhuru, mwanangu," ananiambia. Anakuja mwingine, anajilaza, miguu inaning'inia. "Haidhuru." Na mwingine. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyekunja uso, na hilo lilinitesa kuliko matusi. Nilitaka kupiga kelele: semeni, jamani, semeni kwamba nimewaharibia! Wao wanarudi mikekani, wanakaa, wananipisha.

Bibi amechota maji kwa kata. Anamimina juu ya ubao kama anavyomimina siku zote, polepole, kutoka upande wa kichwa. Maji yanafika kwenye kioo yanakwama. Hayana pa kushukia. Chini ya kioo naiona ile nafasi kati ya mbao, kavu, imekaa tayari kuyapokea, na maji hayaifikii. Yanazunguka, yanarudi, yanalowesha makaratasi yangu, yanadondoka pembeni, yananifika kwenye vifundo vya miguu. "Maji yatapita wapi?" bibi anauliza tena, na sasa si mimi ninayeulizwa, anajiuliza mwenyewe, kama fundi aliyekuta kazi ya mtu mwingine. Naparamia kile kioo nikiinue. Kizito. Kucha zinateleza. Nalia, nasema bibi nilidhani ni benchi, wallahi nilidhani benchi.

"Najua," anasema.

Nilipoinua uso kuna mtu juu ya ubao. Amefunikwa shuka jeupe kuanzia kichwani. Ni mfupi, hata hivyo nyayo zimetokeza nje ya pale msumeno ulipopita, zimekaa hewani, na kucha za vidole zina hina iliyofifia. Hina ile naijua, ni ya Bi Hidaya.

"Shika miguu," bibi anasema.

"Bibi, naogopa."

"Na mimi niliogopa." Kata iko mkononi mwake, inadondosha. Kisha anasema, tena kwa sauti yake ile ya kawaida ya kuniambia nikatie chumvi mchuzi: "Shika miguu, Zuhura. Ubao haujawahi kuosha mtu."

Nanyoosha mikono. Mikono ni mizito, haifiki, nasogea ndani ya maji na kila nikisogea ua unarefuka, na nyayo ziko palepale mbele yangu zinangoja. Nasogea. Zimekaribia. Nazigusa, zina baridi ya bati, nataka kuziachia na siziachii, na redio huko ndani inaanza tena kusoma lile jina.

Nikaamka. Nilikuwa nimejikunja kitandani, nimeshika nyayo zangu mwenyewe kwa mikono yote miwili, kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi. Nje kulikuwa kunapambazuka, majogoo wanashindana, na mtu alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Sikulala tena. Nilikwenda ofisini nikaondoa kila kitu juu ya meza, nikaupinda mgongo nikakiinua kile kioo peke yangu, nikakiegemeza ukutani. Kiliinuka. Nikashusha redio, nikatafuta bisibisi, nikaifungua ile rafu.

Jua lilipotoka nikaenda kwa Bi Hidaya na kipande cha ubao nimekipakata kama mtoto. Mwanaidi akanifungulia, akakitazama, akanitazama, asielewe. Bi Hidaya alikuwa macho, ameegemezwa mito, amekonda mpaka uso umebaki macho na pua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenibebea nini asubuhi yote hii?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani. Yote yakanikimbia. "Ni ubao wa kuoshea, bibi. Kipande chake. Mimi sikujua ni wa nini, nimeukata, nimeufanya meza. Jana nilimwambia Mwanaidi upo. Upo, lakini mfupi."

Mwanaidi akajiziba mdomo kwa mtandio. Nilisikia akisema, "Lahaula," ndani ya kitambaa. Bi Hidaya akanyoosha mkono, nikamsogezea kile kipande. Akakipapasa pale ulipopita msumeno, muda mrefu, kama anatafuta kitu.

"Meza ya kulia chakula?" akauliza.

"La, bibi. Ya kazi. Ya ofisi."

"Afadhali."

Machozi yalinitoka hapo, sikuyazuia. Nikamwambia nitamwita fundi leo hii auunge tena, auunge kwa vyuma, urudi ulivyokuwa.

"Usiunge," akasema. "Pa kuungia patanikwaruza mgongo." Akacheka, kicheko kikamgeuka kikohozi, Mwanaidi akamshika bega hadi kilipopita. "Rukia ndiye alikuwa mrefu, akadhani watu wote warefu. Mimi huo utanitosha. Itazidi miguu tu." Akafumba macho, nikafikiri amelala. Kisha akayafumbua. "Na miguu nani atanishikia? Rukia hayupo."

Simu ilikuwa inatetema mfukoni mwangu, mkutano wetu wa asubuhi umeanza, bosi ananitafuta. Niliiacha itetemeke.

"Mimi," nikasema.

Alinitazama vizuri, kwa macho yale makubwa. "Wewe unaogopa."

"Naogopa, bibi."

"Haya, jaribu," akasema, akalisukuma shuka kwa kisigino, akautoa mguu nje. Kucha zilikuwa na hina iliyofifia. Nikapiga magoti pale chini, nikaushika kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto.